Geti la Kuingilia

Kampala ya miaka ile, ukiona foleni uliingia kwanza, ndipo ukauliza wanagawa nini. Sukari, sabuni, chumvi, chochote kile. Ukisubiri kuuliza unakuta kimekwisha. Mimi niliwahi kusimama asubuhi nzima pale Wandegeya nikaishia kupata mafuta ya breki, na gari sina. Kwa hiyo msinicheke nikisema kwamba siku ya chanjo ya surua, nusu ya akina mama waliowahi kufika walidhani ni sukari.

Gari la matangazo lilipita mwanzoni mwa wiki. Lilikuwa Landrova ya serikali, kipaza sauti juu, na ndani yake mtu mwenye sauti ya kukwaruza. Kila mama mwenye mtoto wa chini ya miaka mitano afike Alhamisi asubuhi katika shule iliyo nyuma ya soko, bila kukosa. Kuna dawa mpya ya kuzuia surua. Asiyefika atajieleza. Ndivyo walivyotangaza kila kitu siku zile, hata habari njema waliitoa kwa sauti ya kukamatia watu.

Mimi ni Pélagie, muuza samaki. Tulitoka Bukavu na mume wangu, Mushagalusa, tukikimbia vita, tukapanga chumba Wandegeya na hatukurudi tena. Ngege, samaki wa ziwani, nilikuwa nawachukua Ggaba ufukweni alfajiri na kuwauza kwa wapishi wa mabweni ya wanafunzi, na kabla ya hapo niliwahi kuwapeleka hata jikoni mwa kambi ya jeshi. Mtoto wetu wa mwisho, Monique, alikuwa na miaka mitatu mwaka huo wa sabini na tano, na kelele zake zilitosha watoto sita.

Chumba cha pili kutoka chetu alikaa Alum, mtu wa Lango, kutoka Lira, kaskazini. Hakuna aliyemwita Alum. Alikuwa na mapacha, Opio na Ocen, na Kampala nzima mama wa mapacha huitwa Nalongo, hata awe ametoka wapi. Watoto wale walikuwa wa rika la Monique. Kwao pacha hawatengwi. Akipewa huyu muhogo, na yule apewe. Akinyolewa huyu, na yule ananyolewa siku hiyo hiyo, la sivyo aliyeachwa atanuna, na pacha akinuna anaweza kuondoka duniani. Alum aliishika sheria hiyo kuliko polisi wanavyozishika zao.

Habari ya chanjo ilipofika uani, kila mtu aliamua kwa njia yake. Mama mwenye nyumba, Mganda mwenye heshima zake, alisema surua ni mgeni wa kifalme, hafungiwi mlango, anapokewa kwa maneno matamu mpaka aondoke mwenyewe. Mgeni alikuwa ameshaingia kwake: mjukuu wake alikuwa ameota vipele tangu juzi, na siku moja kabla ya vipele alikuwa akicheza matope na mapacha wa Alum.

Akeyo, mke wa polisi, aliamua kinyume na tulivyotarajia. Mtoto wake wa kwanza alikufa kwa surua siku alipochomwa sindano, na tangu hapo ua mzima ulikuwa unasema kwamba surua na sindano haviivi chungu kimoja. Lakini Akeyo mwenyewe alisema, "Yule nilimpeleka amekwisha kuugua. Huyu nitampeleka mzima." Alisema hivyo akiendelea kuchambua maharage.

Mushagalusa wangu aliamua haraka, kama kawaida yake. Alikunja mkono wa shati akanionyesha kovu la chanjo ya ndui. "Kule Bukavu walituchanja tukapata kovu, na ndui hatukuipata. Nenda." Mambo ya nyumbani kwetu yakaishia hapo.

Alum peke yake ndiye alisema hapana.

"Nalongo, Alhamisi twende wote," nilimwambia. "Mjukuu wa mwenye nyumba ameota vipele, na vijana wako wamekaa naye."

"Mimi hapana kwenda." Kiswahili chake kilikuwa cha kambi za polisi, alichofundishwa na mumewe.

"Unaogopa sindano?"

 Alikuwa anakaanga karanga za kuuza, akazigeuza, akazigeuza tena. Nikaona kimya chake ni kukubali, nikaanza kumhubiria. Nilimweleza habari ya kovu la Mushagalusa. Nilimtolea mfano wa Akeyo. Kesho yake nikarudia yote, na keshokutwa hasira zikanipanda nikamwambia sikio la kufa halisikii dawa. Ni neno baya kumwambia mama mwenye watoto wadogo, lakini nililisema, maana nilikuwa nawapenda wale watoto na akilini nilikwisha kuwaona wamelala wafu wawili kwenye mkeka mmoja. Alum akaingia ndani akafunga mlango.

Habari za mumewe nilizijua. Alikuwa polisi, jina lake Ogwal. Mwaka wa sabini na mbili waliitwa, yeye na wenzake wa kaskazini, wafike kambini, ile ya jeshi, na vitambulisho kwa ukaguzi, bila kukosa. Alum alimsindikiza, mapacha wakiwa wachanga, mmoja mgongoni na mwingine kifuani, akaketi ng'ambo ya barabara na chakula cha mchana cha mumewe kwenye kitambaa. Jioni askari wa getini akamwambia, "Nenda nyumbani, mama. Wale wametoka zamani." Alum akamwita mwongo. Geti lile hakuwa ameliondolea macho siku nzima, hata kunyonyesha alinyonyesha akilitazama. Ogwal hakuonekana tena. Alinisimulia mara moja tu, nami nikaiweka pamoja na hadithi nyingine za wakati ule. Kila ua wa Kampala ulikuwa na yake. Haikunijia kwamba hadithi hiyo ina uhusiano wowote na surua.

Alhamisi nikampiga Monique sabuni, nikaenda. Akeyo alikuwa mbele yangu na mtoto wake mgongoni. Shule ile ilikuwa na ukuta mrefu. Geti la mbele lilitazama barabara na maduka, na nyuma kulikuwa na mlango mdogo wa chuma unaoshuka bondeni, upande wa Kivulu. Getini alisimama polisi mmoja mnene, Faustino, bunduki begani, akipiga kelele: "Hapa kuingia tu! Hapana toka hapa! Hapa kuingia tu!"

Ndani hapakuwa na maajabu. Palikuwa na meza, nesi mwembamba Mganda, jiko la kuchemshia sindano, na sanduku la barafu. Barafu ile niliijua mara moja; ilikuwa ya Ggaba, magamba ya ngege yalikuwa bado yamo.

"Nesi, hii si barafu yangu ya samaki?" nikamuuliza.

"Jokofu halina mafuta ya taa," akasema bila kuinua kichwa. "Shukuru samaki wako. Barafu ikiisha dawa imekufa, na hii haifiki adhuhuri. Shika mkono wa mtoto."

Monique alilia mpaka wanafunzi wa Makerere wakasikia, nadhani. Nesi akatuelekeza mlango wa nyuma. Asubuhi wanawake wawili walikuwa wamebanana getini, mmoja akiingia na mwingine akitoka, mtoto nusura akanyagwe. Ndiyo sababu wakaamua kuingia kuwe mbele na kutoka kuwe nyuma. Niliusifu mpango huo. Akeyo alikuwa amekwisha kushuka bondeni njia ya mkato.

Mimi nilizunguka kwa chini, nikapanda kupitia sokoni, maana nilitaka kununua vitunguu. Nilipotokea barabarani, mbele ya shule, nilishangaa. Foleni ilikuwa imekatika. Wanawake walikuwa wamesimama ng'ambo, kwenye vivuli vya maduka, makundi makundi, watoto wamebanwa miguuni.  Na kati yao, ameketi chini na ungo wa karanga ambazo hakuna aliyezinunua, alikuwa Alum na mapacha wake.

"Nalongo! Kumbe umekuja!"

Alinishika mkono, akaubonyeza kama anayechagua papai.

"Wewe natoka wapi?"

"Ndani. Si nimemchanja Monique?"

"Mimi naona wewe naingia. Hapana ona wewe natoka."

"Nimetokea nyuma."

"Akeyo naingia. Akeyo iko wapi?"

"Amekwenda nyumbani."

"Wewe naona yeye nyumbani?"

Sikuwa nimemwona. Mwanamke aliyekuwa pembeni yetu akamvuta mtoto wake karibu.

"Toka asubuhi mimi nakaa hapa," Alum akasema polepole, kama anayemfundisha mtoto. "Watu naingia. Watu hapana toka. Na ile polisi yeye mwenyewe nasema: hapa kuingia tu."

"Lakini mimi si huyu hapa?"

"Wewe mtu ya Zaire. Wewe wanaachia."

Hapo ndipo nilipoelewa, na nilijisikia mpumbavu kabisa. Siku tatu nilikuwa nimempigia kelele juu ya sindano, na sindano hakuwahi kuitaja hata mara moja. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mimi nilikuwa nimekaa namweleza faida za ung'ongo. Zaidi ya hayo, mwanamke huyu niliyemwona mkaidi alikuwa ameamka mapema kuliko mimi, akaja na watoto wote wawili, akaketi kutazama. Angeona watu wanatoka, angeingia. Hicho tu ndicho alichokuwa anataka kujua kuhusu dawa mpya.

Jua lilikuwa linapanda na barafu yangu ya samaki ilikuwa inayeyuka. Nikamwinua Monique, nikavuka barabara.

"Wewe nakwisha ingia," Faustino akaniambia. "Rudi nyumbani."

"Nataka nesi."

"Nesi nafanya kazi."

"Hana kazi. Tazama foleni yako iko wapi!"

Nina sauti ya sokoni, Mungu kanipa, na nesi akaisikia. Alikuja na sindano mkononi, amekasirika, maana kweli alikuwa amekaa mezani bila mtoto. Nikamwambia, "Wale wanawake wanaona watu wanaingia na hawaoni mtu akitoka."

Nilikuwa nimejiandaa kwa ubishi, nikakosa wa kubishana naye. Nesi alitazama ng'ambo ya barabara. Alikuwa mtu wa Kampala kama sisi, naye bila shaka alikuwa na mtu wake aliyeingia mahali fulani. Hakuhitaji maelezo.

"Faustino," akasema, "watoke huku huku."

"Afande nasema nyuma."

"Afande yuko wapi?"

"Nakwenda kunywa chai."

"Basi."

Faustino naye akatazama ng'ambo. Nafikiri alikuwa hajawatazama wanawake wale asubuhi yote, alikuwa anatazama foleni tu. Alishusha bunduki kutoka begani, akaiegemeza ukutani mahali ambapo haikuonekana barabarani. "Mimi hapana ona kitu," akasema, akatugeuzia mgongo.

Waliobaki ndani walikuwa wachache. Nesi aliwatoa mmoja mmoja kwa geti la mbele, na akawaambia akina mama wasiwanyamazishe watoto mpaka wavuke barabara. Wakatoka wakilia, makamasi mpaka kidevuni. Sijawahi kufurahia kilio cha watoto kama siku ile. Ng'ambo, mwanamke mmoja alimtambua shemeji yake, akamkimbilia, na wengine wawili wakaanza kuvuka kuja kwetu.

Alum aliendelea kuketi. Nikarudi kwake, nikachuchumaa.

"Nalongo, barafu inaisha."

Alinyanyuka, akakung'uta sketi. Akamshika Opio mkono. Mkono wa Ocen akautia katika mkono wangu.

"Mimi naingia na huyu. Huyu nakaa na wewe."

 Mwanamke asiyegawa muhogo bila kisu alikuwa anagawa pacha. Ocen naye alimtazama ndugu yake akivutwa kwenda, midomo ikaanza kutetemeka.

"Kama mimi hapana toka," Alum akasema, "wewe peleka Ocen Lira, kwa mama yangu."

Nilitaka kumwambia aache upuuzi. Niliufungua mdomo kabisa. Kisha nikasema, "Nitampeleka."

Akavuka, akaingia, ukuta ukamficha.

Sasa sikilizeni. Nilikuwa nimetoka ndani ya shule ile punde tu. Nilijua kilichomo: meza, jiko, nesi mwenye haraka, magamba ya ngege. Na bado nilisimama pale, Monique mkono wa kushoto, Ocen mkono wa kulia, nikashindwa kuondoa macho kwenye lile geti. Mtu alinisalimia kwa jina, sikugeuka. Niliogopa. Kila mwanamke aliyetoka ambaye si Alum nilimchukia. Ocen aliniuliza kitu kwa Kilango, nikamwambia "Ndiyo, ndiyo," bila kujua nimekubali nini.

Wakatoka. Opio alikuwa anapiga ukunga na Alum hakumbembeleza. Alivuka barabara, akanikabidhi Opio, akamchukua Ocen, akarudi.  Safari ya pili alitembea kwa haraka, na alipofika getini nilimwona anamsalimia Faustino. Akatoka na Ocen analia, na waliotoka baada yao hawakuwa wengi. Nesi akajitokeza kwa akina mama waliobaki, akapindua sanduku mbele yao, maji matupu yakamwagika. Wengine walilalamika. Mmoja alisema sukari nayo huwa hivyo hivyo.

Surua ilizunguka uani kwetu mwezi huo. Mjukuu wa mama mwenye nyumba alipona, lakini sikio moja halikusikia tena, na watoto wengine wawili wa nyumba ya jirani tuliwazika. Mapacha hawakuguswa. Leo ni wanaume wenye ndevu, na bado wananiita mama na kunikopa.

Ila ninachotaka kusimulia ni cha mchana ule ule, tulipofika nyumbani. Akeyo alikuwa uani anafua nepi. Alum alisimama akamtazama, akamtazama, mpaka Akeyo akauliza, "Kuna nini?"

"Hakuna," Alum akasema. "Wewe natoka."

"Nimetoka wapi?"

Alum akamwacha na nepi zake. Alikuja akaketi karibu yangu, kwenye kizingiti. Watoto walikuwa wanaonyeshana mikono iliyovimba.

"Mama Monique. Wewe zamani nauza samaki pale kambini."

"Zamani."

"Pale kambini, iko geti ya nyuma?"

Nilimgeukia. Tangu nimjue sikuwa nimewahi kuuona uso wake vile. Ulikuwa umelainika, kama wa msichana.

"Ile askari," akasema, "yeye naambia mimi, wale natoka zamani. Mimi naita yeye mwongo. Pengine yeye hapana mwongo. Pengine Ogwal natoka nyuma, mimi nakaa mbele."

Geti la nyuma lilikuwapo. Nilikuwa nikiingiza samaki kwa geti hilo hilo, asubuhi, kwa wapishi. Lilikuwa pana, la kupitisha malori, na malori yalipita, yamefunikwa turubai, yakielekea barabara ya msituni. Wapishi walituambia tuangalie chini yakipita, nasi tuliangalia chini. Niliacha kupeleka samaki kule kwa sababu hiyo, na sikumwambia mtu.

Nilijua atakachofanya nikisema ndiyo. Kesho yake angewaogesha watoto, angevaa gauni lake la kanisani, angekwenda kambini kumwomba radhi yule askari na kumuuliza mume wake alishika njia gani. Wanawake waliokwenda kuuliza kabla yake tuliwajua, na hawakurudi. Akeyo alikuwa ameacha kufua, ameishika nepi juu ya beseni, maji yanachuruzika.

"Hapana," nikasema. "Pale geti ni moja tu."

"Moja?"

"Moja tu, Nalongo. La mbele."

 Akatikisa kichwa kukubali, akasema, "Haya." Akaingia ndani, akatoka na kipande cha muhogo wa kuchemsha na kisu, akakikata katikati, akapima vipande kwa macho, akampa Opio, akampa Ocen.